Jinsi ya Kutambua Enzi ya Kipande cha Muziki wa Klasiki kwa Sikio: Anza na Besi

Ninafundisha piano na nadharia ya muziki jioni, na Jumapili naimba sauti ya nne kanisani. Kila muhula hali ni ileile. Mwanafunzi ana tarehe zote kichwani, anazitiririsha kama sala: Renesansi mpaka 1600, Baroki mpaka 1750, Klasiki mpaka 1820 hivi. Mchezee dakika moja ya kipande asichokijua, anatazama dari. Halafu anabahatisha. Kikiwa na fidla na kinakimbia, Baroki. Kikiwa cha taratibu na cha huzuni, Romantiki, ile ya karne ya 19. Kikimshinda kabisa anasema Klasiki, maana si ndiyo jina la muziki wenyewe?

Siwacheki. Mimi mwenyewe nilianguka papo hapo. Katika mtihani wangu wa sikio, mtahini alicheza kipande cha polepole chenye majonzi, nami nikajibu bila kusita: Chopin, Romantiki. Kumbe ni Bach, prelude (kipande kifupi cha utangulizi) ya 8 ya kitabu cha kwanza cha Das Wohltemperierte Klavier, mkusanyo wake wa vipande vya kinanda, cha mwaka 1722, miaka 88 kabla Chopin hajazaliwa. Nilikuwa nimesikiliza huzuni, na huzuni watu wanayo karne zote.

Kosa letu wengi ni kusikiliza juu: melodia, ala, hisia. Mwongozo huu unakuanzisha chini. Mimi ni mwimbaji wa besi, kwa hiyo unaweza kusema navutia kwangu, lakini njia hii ndiyo iliyowatoa wanafunzi wangu kwenye kubahatisha.

Neno moja kabla hatujaanza. Katika mazungumzo ya kila siku "klasiki" ni muziki huu wote. Humu ndani, nikiandika Klasiki kwa herufi kubwa, nina maana ya kipindi kifupi tu, takriban 1750 hadi 1820, cha Haydn na Mozart.

## Vitu vya kuandaa

Hedifoni, au spika yenye besi. Spika ndogo ya simu inameza nota za chini. Nusu ya wanaolalamika kwamba hawasikii tofauti wanasikiliza kwenye simu iliyolazwa mezani.

Daftari lenye safu tano: besi, nani anaongoza, pumzi, nyumbani, ala. Ala iwe safu ya mwisho. Sababu utaiona.

Sauti yako. Utaguna sana. Kama unaona haya, jifungie chumbani.

Msaidizi wa kukubonyezea vipande bila wewe kuona jina. Hata mtoto wa darasa la tatu anafaa.

Vipande vinane. Vipakue mara moja ili bando lisikatike katikati ya zoezi (BWV, K. na Op. ni namba za orodha ya kazi za mtunzi):

1. Pérotin, *Viderunt omnes* (Paris, mwishoni mwa karne ya 12)
2. Palestrina, Kyrie ya *Missa Papae Marcelli* (ilichapishwa 1567)
3. Bach, Air ya Suite ya okestra Na. 3, BWV 1068
4. Handel, Hallelujah ya *Messiah* (ilitungwa 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin 1742)
5. Mozart, sonata ya piano K. 545, sehemu ya kwanza (1788)
6. Chopin, Nocturne Op. 9 Na. 2 (ilichapishwa 1832)
7. Wagner, utangulizi wa *Tristan und Isolde* (ilionyeshwa Munich 1865)
8. Debussy, *Voiles*, kutoka Préludes kitabu cha kwanza (1910)

Kwa Na. 3, tafuta rekodi ya kikundi kidogo chenye hapsikodi, kinanda cha nyuzi za kudonolewa. Ukipakua ile iliyoandikwa "Air on the G String", umechukua mpangilio uliofanywa karne ya 19 na mpiga fidla August Wilhelmj, na somo la kwanza litaharibika.

Tenga dakika 25 kwa siku kwa wiki mbili. Saa tatu za Jumamosi hazitafidia, maana sikio huchoka upesi kuliko kichwa.

## Hatua ya 1: Iache melodia, guna besi

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Ipe siku nne nzima.

Chukua kipande, cheza dakika ya kwanza tu. Tafuta nota ya chini kabisa inayosikika, uifuate kwa kuguna. Rudia mara tatu. Kisha andika sentensi moja: besi inafanya nini?

Sababu ya kuanzia hapa ni hii. Melodia tamu zinafanana karne hata karne. Kazi iliyopewa besi ndiyo iliyobadilika kila namna ya kujenga muziki ilipobadilika, kama ambavyo msingi unakuambia nyumba ni ya udongo au ya zege hata kuta zikipakwa rangi moja.

Pérotin: besi imesimama. Sauti ya chini inashikilia silabi moja ya "Viderunt" muda mrefu mno, huku sauti tatu za juu zikirukaruka kwa mdundo wa tatu-tatu. Anayeshikilia chini alipewa wimbo wa zamani wa kanisa, ukavutwa kama mpira hadi hautambuliki tena. Bado hakuna besi kwa maana tunayoijua sisi wa kwaya.

Palestrina: besi ni mwimbaji kama wengine. Inaingia, inaimba maneno yaleyale kwa wimbo unaofanana na wa sauti za juu, inanyamaza, inarudi. Ikate uimbe peke yake, bado ni wimbo. Hii ni alama ya Renesansi.

Bach: besi haiachi kutembea. Hapa simama kwa muda. Kwenye Air, fidla ya juu inashika nota moja ndefu, na wewe utavutwa kuifuata. Usikubali. Shuka kwenye selo. Kwa tonik solfa (zile herufi d r m f s l t za kwaya) besi inashuka d, t, l, s, f, na kila nota inapigwa mara mbili: moja juu na moja oktavu ya chini, au kinyume chake. Hatua sawa, mwendo sawa, kama mtu anayeshuka ngazi akikanyaga kila kidato kwa miguu miwili. Kidole chako kipige meza pamoja nayo. Ukiona kimepiga dakika nzima bila kupumzika, umekutana na kontinuo, yaani besi inayopigwa mfululizo na selo pamoja na hapsikodi au kinanda cha kanisani. Ndiyo injini ya Baroki.

Mozart: besi imekaa kitini. Mkono wa kushoto wa K. 545 unaanza hivi: d s m s, d s m s, kisha r s f s, d s m s. Iimbe. Utagundua haiendi popote. Inakoroga nota tatu mahali pamoja ili mkono wa kulia uimbe kwa nafasi. Mtindo huu wa kukoroga unaitwa besi ya Alberti. Kwenye okestra ya enzi hiyohiyo mara nyingi utasikia selo zikirudia nota moja, tu-tu-tu-tu, kisha zinahama ghafla.

Chopin: besi inaruka. Mkono wa kushoto unagusa nota ya chini sana, kisha unarukia juu kupiga mafungu mawili ya nota, kisha unarudi chini. Pedali ya piano inaiacha ile nota ya chini ilie wakati mkono umeshaondoka. Bila pedali hiyo mtindo huu ungekauka.

Wagner: besi inateleza. Inasogea nusu hatua, nusu hatua, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Unadhani imefika, inateleza tena.

Debussy: besi imesimama tena. Nota moja ya chini, B bapa, inagongwa karibu kipande kizima huku vya juu vikielea.

Mshangao hapo: Pérotin na Debussy, zaidi ya miaka 700 kati yao, besi zote zimesimama! Usiogope. Hatua ya 5 itawatenganisha.

*Onyo:* usiruke kwenda hatua ya 2 kwa sababu Mozart na Bach "umeshawaelewa". Kuelewa maelezo na kusikia ni vitu viwili.

*Utajua umefaulu* pale ambapo, ndani ya sekunde 20, unaweza kusema neno moja: imesimama, inaimba, inatembea, imekaa, inaruka, inateleza.

## Hatua ya 2: Uliza nani anaongoza

Kama umewahi kuimba Hallelujah, tayari unalijua jibu kwa mwili wako. Kumbuka pale katikati, baada ya kile kipande cha upole, besi tunapoanza peke yetu kwa nguvu kwamba atatawala milele na milele. Wanaingia waimbaji wa tenori kwa wimbo uleule, kisha alto, kisha soprano. Kila mmoja anafika na hoja ileile wakati mwenzake hajamaliza. Kufukuzana huko ndiko watunzi wa Baroki walikokupenda.

Kwenye Mozart hakuna kufukuzana: mmoja anaimba, wengine wanamshikia kiti. Kwenye Palestrina wote wanaongoza kwa zamu, ila bila makali, na maneno yanapita kama maji.

Andika: mmoja, au wengi. Inatosha. Ukiandika zaidi ya hapo utachanganyikiwa.

## Hatua ya 3: Hesabu pumzi

Imba melodia sasa (ndiyo, sasa unaruhusiwa) na utafute mahali pa kuvuta pumzi.

Mwanzo wa K. 545 ni rahisi ajabu kwa mtu aliyezoea shairi la Kiswahili. Hesabu mapigo: nane, pumzi, nane. Ukwapi na utao, mizani minane kwa minane. Nusu ya kwanza inauliza, nusu ya pili inajibu. Ukisikia vipande vya swali na jibu vilivyopimwa namna hii, tena kimoja baada ya kingine, mkono wako uandike Klasiki.

Jaribu hivyo hivyo kwenye Air ya Bach. Utakosa pumzi. Nota ya kwanza haijamalizika, besi imeshakupeleka kwingine. Melodia inasokotwa kama kamba ya mnazi, huoni unyuzi mmoja unaishia wapi.

Chopin naye anapima kama Klasiki, ila anapamba. Wimbo ukirudi unarudi na nakshi mpya, na mwishoni mizani inapanuka. Kwa Wagner usijisumbue kuhesabu.

## Hatua ya 4: Piga makofi

Piga makofi pamoja na kipande, kofi moja kwa kila pigo, bila kukisubiri.

- Bach, Handel na Mozart watakubeba hadi mwisho.
- Chopin atakuangusha kabla ya nusu dakika. Mpigaji anavuta pigo hapa na kuliharakisha pale. Wenyewe wanaita rubato.
- Wimbo mkavu wa Gregori, ule wa watawa wasio na ala, hautakupa hata kofi la kwanza. Unafuata maneno.

*Onyo:* wako wapiga piano wanaomvutavuta Bach kama Chopin. Makofi peke yake yasikuamulie. Mtahini wangu alikuwa wa aina hiyo, ingawa hilo si sababu ya kukata rufaa: mikono yake miwili ilikuwa ikipokezana melodia waziwazi, na mimi sikuutazama wa kushoto.

## Hatua ya 5: Shika nyumbani

Kipande kikianza, tafuta d yake, yaani nota ambayo ungetamani iishie hapo. Igune chinichini na usiiachie. Uliza: kinarudi nyumbani lini, na kwa uhakika gani?

Mozart anarudi mara kwa mara na kugonga mlango. Bach anazunguka mitaa ya jirani kwa utaratibu, lakini ufunguo anao mfukoni. Wagner anakataa: fungu la kwanza la nota kwenye *Tristan* linaomba litulizwe, halitulizwi, linaomba tena mahali pengine. Opera hiyo inakuja kutulia kikweli mwishoni kabisa, saa kadhaa baadaye. Ukijikuta unasubiri hadi mabega yanauma, uko Romantiki ya mwishomwisho.

Na Debussy? Kwenye *Voiles* utakosa d yenyewe. Sehemu kubwa imejengwa kwa ngazi ambayo nota zake zote zimeachana hatua nzima, kwa hiyo hakuna t ya kukusukuma kwenda d. Nota zote ni wageni nyumba moja, na mwenye nyumba hayupo. Pérotin ni kinyume: ile nota iliyosimama chini *ndiyo* nyumba, na sauti za juu zinaigusa na kuagana nayo. Hapo ndipo wale wawili wanapoachana.

Kazi za karne ya 20 ni nyingi na hazifanani, kwa hiyo usitafute alama moja. Uliza tu: nyumba imebomolewa, imefichwa, au mtunzi anazunguka chumba kimoja makusudi? Steve Reich, aliyekwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, ana kipande cha mwaka 1972 cha makofi matupu ya watu wawili. Hakina besi, hakina d. Sikio la mtu aliyekulia kwenye ngoma halitapata taabu nacho hata kidogo.

## Hatua ya 6: Sasa ndiyo ala

Nimeziweka mwisho kwa sababu zinadanganya. Bach anapigwa kwenye piano kila siku, na mitihani mingi ya sikio huchezwa kwenye piano tupu, iwe ni Palestrina au Debussy. Aliyetegemea kusikia hapsikodi anabaki mikono mitupu.

Hata hivyo ala zikiwepo, zitumie kuthibitisha.

Hapsikodi. Umewahi kuisikia kanuni kwenye taarabu ya Unguja? Ule mng'ao wa waya uliodonolewa ndio huo. Hapsikodi hudonoa nyuzi, haizipigi kwa nyundo, na kwa hiyo ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole inatoa ukubwa uleule wa sauti. Ukiisikia ikijazia nota juu ya besi, Baroki.

Luti. Ni jamaa wa udi, na hata jina lake limetoka kwenye Kiarabu *al-ud*. Ikiongoza peke yake, anza kufikiria Renesansi.

Piano. Bartolomeo Cristofori aliibuni Florence karibu na mwaka 1700, ila ilichukua miongo kadhaa kushika nafasi ya hapsikodi. Kipande kilichoandikiwa piano, chenye sauti inayokua na kufifia, ni Klasiki au baadaye.

Tromboni ndani ya simfonia. Beethoven alizileta kwenye sehemu ya mwisho ya Simfonia ya 5, mwaka 1808. Ukizisikia zikishindana na okestra nzima, pamoja na ngoma kubwa na vinubi, umeshaingia karne ya 19.

## Hatua ya 7: Andika jibu, kisha angalia mitego

Linganisha safu tano. Tatu zikikubaliana, jibu. Besi ikipingana na ala, iamini besi.

Mitego inayowanasa wengi:

Ave Maria ya Bach na Gounod. Inaimbwa sana harusini. Chini ni prelude ya Bach ya C, ya 1722, haijabadilika mwendo. Juu ni melodia ya Gounod wa karne ya 19. Mwanafunzi anayeandika "besi Baroki, melodia Romantiki" hukosi kumpa alama zote.

Adagio "ya Albinoni". Albinoni ni mtu wa Baroki, lakini kipande hiki kilichapishwa 1958 na Remo Giazotto. Sikiliza jinsi kinavyovimba kama filamu.

Simfonia ya kwanza ya Prokofiev, 1917. Imevaa mavazi ya Haydn. Shika d yako vizuri: ghafla anaruka kwenye nyumba ya jirani na kurudi akicheka.

Messiah yenye klarineti. Mwaka 1789 Mozart aliipanga upya kazi ya Handel na kuongeza ala za kupuliza. Rekodi zake zipo, na zitakuchanganya ukianzia kwenye ala.

## Hatua ya 8: Jaribio la gizani

Siku ya kumi, mpe msaidizi simu. Acheze vipande vinane kwa mpangilio wake, sekunde 40 kila kimoja, kuanzia katikati na si mwanzo, maana mwanzo umeshaukariri. Ukipata sita kati ya vinane, ongeza vipya viwili kwa kila enzi. Ukipata vinne au pungufu, angalia umekosea wapi:

- Unachanganya Baroki na Klasiki: rudi hatua ya 1, Air na K. 545 tu, kwa kupokezana, siku mbili.
- Unachanganya Klasiki na Romantiki: rudi kwenye makofi.
- Unachanganya Renesansi na Baroki ya kwaya: bila shaka unasikiliza soprano. Shuka.

Ukishazoea, jichezee Kyrie ya Requiem ya Mozart, 1791. Besi wa kwaya ndio wanaoanza, wengine wanaingia wakifukuzana, hakuna anayekaa kitini, na makofi hayayumbi. Kila safu ya daftari itapiga kelele "Baroki". Andika hivyo hivyo ulivyosikia. Kisha tafuta ndani ya *Messiah* kwaya ya "And with His stripes", uweke mianzo miwili bega kwa bega, uone Mozart alikuwa amekaa mezani kwa nani.